Tupeane uzoefu: jimbo unaloishi Marekani limekugusa wapi?

Wakuu, habari za majukumu. Watu wetu wakitaka kuhama jimbo huuliza kodi ya nyumba ikoje na kama kuna wenzetu huko. Mambo ya serikali ya jimbo hawaulizi, na ndiyo yatakayowafikia kabla ya lolote linaloamuliwa na rais. Kima cha chini cha mshahara cha taifa kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu 2009, Texas wanafuata hichohicho, lakini jimbo la Washington mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66. Kila mtu aseme yuko wapi na limemgusa vipi. Naanza mimi.

Niko Minnesota. Zamani nilijaza fomu ya kuomba nafuu ya chakula cha shule, na nikifanya shifti nyingi navuka kiwango, nalipa yote. Nilikuja kugundua binti yangu anazikunja barua za deni la chakula na kuzificha chini ya begi ili asinitie mawazo. Iliniuma sana. Machi 2023 gavana Tim Walz akasaini sheria ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure kwa wanafunzi, bila kuangalia kipato cha mzazi. Barua zikaisha. Oktoba mwaka huohuo leseni ya udereva ikafunguliwa hata kwa wasio na makaratasi, na nawajua watu walioacha kuendesha kwa hofu.

*

Mimi niko Arlington, Texas. Jimbo halikati kodi ya mapato, hilo tunalifurahia. Lakini shemeji yangu alipopunguziwa saa kazini alipoteza bima, na ana kisukari. Texas haijapanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iwafikie watu wazima zaidi, kwa hiyo mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, asiye mjamzito wala mlemavu, hapati hata kama hana kipato kabisa. Akawa anakata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na sisi nyumbani hatujui. Kilichomwokoa ni hospitali ya kaunti. Alipeleka kitambulisho, bili ya umeme yenye anwani yake na hati za mshahara, akapangiwa kulipa kulingana na uwezo. Jamani, ulizeni huo mpango kabla hamjazidiwa.

Mwenye nyumba yake ajaze fomu ya homestead, yaani nafuu ya kodi ya majengo kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Tangu kura ya Novemba 2025, dola 140,000 za thamani ya nyumba hazihesabiwi kwenye kodi ya shule. Fomu ni bure, usimlipe mtu akujazie.

*

Salamu kwenu. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Portland, Maine. Sheria ya taifa haimpi mwomba hifadhi kibali cha kazi mpaka siku 180 zipite tangu aombe. Ule muda wote una mikono na akili, na huruhusiwi kufanya kazi. Maine ina msaada unaoitwa General Assistance: mji unatoa vocha, jimbo linaurudishia mji asilimia 70. Pesa hushiki, kodi inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Tatizo ni kumpata mwenye nyumba anayekubali hiyo vocha. Baba mzima unasimama mlangoni pa mtu na watoto nyuma yako, anaangalia karatasi, anatikisa kichwa. Hata hivyo bila ile vocha tungelala nje, na Maine kuna baridi.

*

Columbus, Ohio. Langu fupi. Baada ya korona, kuanzia Aprili 2023 majimbo yaliruhusiwa tena kuwaondoa watu kwenye Medicaid baada ya kuwahakiki. Bahasha yetu ilikwenda anwani ya zamani, bima ikakatwa, tukajua dukani kwa dawa mtoto akiwa na pumu. Ukikatwa kwa sababu ya fomu, irudishe ndani ya siku 90, hawapaswi kukuanzisha upya. Na ukihama, badilisha anwani kwao pia, posta peke yake haitoshi.

*

Naomba kuuliza. Nina cheti cha CNA (msaidizi wa wauguzi) cha Texas, nataka kumfuata dada yangu Maine. Naanza kazi moja kwa moja?

*

Hapana, dada. Sajili ya CNA ni ya jimbo. Taifa linadai mafunzo ya saa 75 tu, Texas saa 100, Maine saa 180. Wasiliana na sajili ya Maine wakuambie watakutambua vipi, na usiache kazi uliyonayo kabla hujapata jibu la maandishi.

*

Asante sana, nitapiga Jumatatu. Walioko Washington mbona kimya? Likizo ya uzazi yenye malipo mnayo tangu 2020, tuelezeni mliombaje na pesa ilichukua muda gani kufika. Mdogo wangu yuko Seattle na anajifungua karibuni.