Sefrou msimu wa cheri: kulala kulekule au kwenda na kurudi Fes?

mzururaji_ilala: Wakuu habari za leo. Mwezi wa sita nitakuwa Fes, Moroko, siku nne, nataka niende Sefrou, ule mji wa Waberberi chini ya milima ya Atlas ya Kati, kwenye sikukuu ya cheri. Sasa niende asubuhi nirudi jioni, nilale hukohuko, au niachane nao nipande Ifrane kwenye baridi? Mfuko wangu wa kawaida tu.

BintiPangani: Lala huko mdogo wangu. Mimi nilienda na kurudi nikajuta, kutoka Fes ni kama kilomita 30 kwa zile teksi za pamoja, mnabanana abiria sita na haiondoki mpaka ijae, yaani mchomoko kabisa, asubuhi haina shida ila jioni ya sikukuu kila mtu anataka kurudi kwa wakati mmoja, nilisimama saa nzima na nusu na mfuko wa cheri unanivujia mekundu kwenye gauni. Na ngoma ndo kwanza zinapamba moto, we unawaza usafiri.

kaka_msafi: Mi napinga kidogo. Malazi Sefrou ni machache na siku hizo tatu za sikukuu yanajaa mapema. Kama hujabuku lala Fes ila toka alfajiri, usikose gwaride la Malkia wa Cheri, anapita na mavazi ya kudarizi anagawia watu cheri. Sio kitu cha kutengenezewa watalii, kina zaidi ya miaka mia, UNESCO wamekiorodhesha 2012. Tarehe inahamahama lakini, ulizia kabla hujakata tiketi.

Mdadisi77: Ifrane je? Kwenye picha kama Ulaya vile. Au Imouzzer kwenye tufaha?

BintiPangani: Tufaha mwezi wa sita bado kabisa. Ifrane walijijengea Wafaransa wakikimbia joto, pazuri, ila ukishapiga picha na simba wa jiwe umemaliza. Sefrou kuna kuta, mto Aggai unakatiza katikati ya mji wa kale, pembeni mellah, mtaa wa Wayahudi waliokaa hapo karne na karne mpaka wengi wao wakahamia Israeli na kwingine. Nyumba ndefu zimebanana mpaka jua linaingia kwa kuchungulia.

fundi_kanzu: Akilala apite na Bhalil, hapo jirani tu. Watu wana vyumba vimechimbwa ndani ya mwamba, nje joto we ndani unatafuta shuka. Nilikaa na mama mmoja mlangoni kwake anatengeneza vifungo vya djellaba, lile kanzu lao lenye kofia, anazungusha uzi wa hariri kwa sindano, anavuta, anazungusha, mpaka kinakuwa kigumu kama dengu, halafu anaanza kingine. Tangu siku ile sibishani bei ya vifungo. Wamoroko walitutoa CHAN pale kwa Mkapa, ila kwa ukarimu sina neno nao.

mzururaji_ilala: Na cheri yenyewe ikoje? Sijawahi kula mbichi, naijua ya kwenye keki tu.

BintiPangani: Ya kwenye keki isahau, ile sukari tupu. Ina kokwa kama zambarau ila haikukabi ulimi. Wenyewe wanaita hab lmluk, punje za wafalme, hab ileile ya habasoda. Usimalize kilo peke yako, tumbo litakuuliza.

mzururaji_ilala: Haya nimebuku usiku mmoja, choo cha nje. Bhalil naenda kesho yake asubuhi. Fundi, nikuletee vifungo vingapi?

fundi_kanzu: Dazeni tatu, vyeusi. Na usipunguziwe bei.