Uzi maalumu: Mliokaa Ujerumani Mashariki, tupeane uzoefu

Fundi_Stuttgart
Wakuu, habari za jioni. Tarehe 3 Oktoba Ujerumani nzima inafunga kazi kukumbuka muungano wa Magharibi na Mashariki wa 1990, na sijaona sikukuu ya taifa iliyodorora kama hii. Hapa kiwandani nina wenzangu wanaoenda Hispania kila kiangazi lakini Dresden, mji wa Mashariki, hawajaukanyaga maisha yao yote. Ila likija suala la hela, kila mtu mtaalamu. Kabla ya 2021 karibu kila karatasi ya mshahara ilikuwa na mstari wa Soli, nyongeza ya asilimia 5.5 juu ya kodi ya mapato kuchangia gharama za muungano, na jamaa mmoja hakuchoka kunionyesha: "Hii wanatuchuna wale wa Mashariki." Kumbe hao wa Mashariki nao walikuwa wanakatwa hiyohiyo!
Mliokaa upande ule, hebu mwageni. Mambo ya vitabuni wekeni pembeni, leteni mliyoyaona.

Babu wa Kikwajuni
Mie nilipelekwa kusoma miaka ya themanini. Kijerumani nilijifunza Leipzig pale chuo cha lugha cha Herder, kisha uhandisi Karl-Marx-Stadt, ambayo 1990 ikarudishiwa jina lake la Chemnitz. Kwetu Unguja Mjerumani wa Mashariki hakuwa mgeni, magorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wake.
Watu wengi huuzungumza ukuta wa Berlin. Kwangu mie siku kubwa ni Jumapili ya tarehe 1 Julai 1990, ilipoingia marki ya Magharibi. Mishahara ikabadilishwa moja kwa moja, na akiba vivyo hivyo hadi marki 4,000 kwa mtu mzima. Iliyozidi, mbili kwa moja. Watu furaha tupu. Siku mbili tatu baadaye naingia duka la mtaani, rafu zimegeuka zote: siagi ya Magharibi, maziwa ya Magharibi, hata matango ya chupa. Yale ya Spreewald, yanayolimwa hukohuko kwao, hayapo. Bibi mlinzi wa dahalia yetu, aliyekuwa akiyasema vibaya kila siku, ndiye wa kwanza kuyaulizia.
Sasa tazama kiwanda. Nilipofanyia mazoezi walikuwa wakiuza mashine Usovieti na Poland. Mteja hana marki ya Magharibi, na mfanyakazi lazima alipwe marki ya Magharibi. Wapi na wapi? Ndipo ikaja Treuhand, shirika la serikali lililokabidhiwa viwanda na makampuni kiasi cha 8,500 yenye wafanyakazi milioni nne, liuze au lifunge. Hadi linafungwa lenyewe mwisho wa 1994, sehemu kubwa ya vilivyouzwa ilikuwa mikononi mwa watu wa Magharibi. Msimamizi wangu alikuwa akisikiliza mashine ya kukereza kwa mbali anakwambia kisu kimekwisha makali. Huyo wakampeleka kozi ya kompyuta. Akamaliza, wakampa kozi nyingine. Barua zake nilizielewa vizuri mno, maana na sie huku tulikuwa tunabinafsisha miaka ileile.

Mkwe wa Magdeburg
Shikamoo Babu. Mimi nimeoa huko. Mwaka 2005 mke wangu hakuwa na kazi, Kansela Schröder akatuletea Hartz IV, posho ya wasio na kazi. Mtu mzima wa Magharibi euro 345 kwa mwezi, wa Mashariki 331. Muungano una miaka 15, sarafu moja, bei ya mkate moja, lakini tumbo la Mashariki linapunjwa euro 14. Walisawazisha katikati ya 2006. Viwango vya pensheni vimekuja kulingana 2023, baba mkwe keshazikwa.

Mmakonde Halisi
Msiwasahau jirani zetu wa Msumbiji waliokwenda kufanya kazi kwa mkataba. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa, wakaambiwa mtalipwa mkirudi kwenu. Nilipokuwa Maputo kibiashara niliwakuta barabarani na bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi isiyokuwepo tena, wanadai haki yao. Na Hoyerswerda, mji wa Mashariki, Septemba 1991, wageni walishambuliwa mabwenini kwao, majirani wanatazama na kupiga makofi, mwisho serikali ikawapakia kwenye mabasi wao, walioshambuliwa!

NesiWaThuringia
Mimi ni Mkenya, nafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye posho, ya uuguzi kwa makao ya wazee. Septemba 2024 AfD, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga wahamiaji, waliongoza uchaguzi wa jimbo hapa Thuringia, huku Mashariki, na asilimia 32.8. Kesho yake nimeingia zamu ya asubuhi najipata nikiwahesabu watu: mmoja kwa kila watatu. Kuna mzee mmoja mimi ndiye humwogesha, hunifichia chokoleti kwa droo. Akaniambia bila kuficha kwamba amewapigia hao. Nikamuuliza, wakinirudisha kwetu, soksi utavalishwa na nani? "Wewe hapana, wewe unafanya kazi." Watoto wake wako Hamburg na Munich, waliondoka miaka ya tisini kutafuta kazi, huja Krismasi. Hata sikujua nicheke ama nikasirike. Na mwezi huohuo, mbele ya Rais Ruto na Scholz, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, yakasainiwa makubaliano Berlin ili tuje wengi zaidi.

Kaka Ruhr
Wakuu, msiwabebeshe Mashariki peke yao. Mölln 1992 na Solingen 1993, ambako Waturuki walichomewa ndani ya nyumba zao, ni Magharibi. Na kwenye uchaguzi mkuu wa Februari 2025 AfD ilishika namba moja kwa kura za vyama Gelsenkirchen, mji wa Magharibi wa makaa ya mawe uliokuwa ngome ya SPD, chama cha Social Democrats, tangu enzi. Migodi imefungwa, maduka yamefungwa. Babu angeona Chemnitz yake.

Bado Niko Mbeya
Asanteni wakubwa zangu. Nina nafasi mbili za Ausbildung ya uuguzi, Chemnitz na Munich. Niende wapi?

NesiWaThuringia
Munich nusu ya posho yako itaenda kwa chumba, kama utakipata. Chemnitz nyumba ni rahisi na ziko. Lakini kabla ya kusaini waulize zamu ya jioni inaisha saa ngapi, tramu ya mwisho ni ya saa ngapi, na kama kuna mgeni mwingine kwa hiyo wodi. Wakikosa kukujibu hilo la tatu, niandikie inbox.