Mtihani wa kuzungumza Kiingereza: niseme hobi yangu ya kweli au nitafute yenye hadhi?

Fundi wa Usiku (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nina mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, baada ya wiki tatu na sehemu inayoninyima usingizi ni ya kuzungumza. Kusoma na kuandika najimudu.

Jumamosi mwalimu wetu alinifanyisha majaribio. Akaanza na swali jepesi kuliko yote: ukipata nafasi unapenda kufanya nini? Nikajibu napenda kusoma vitabu. Akauliza, cha mwisho ulichosoma kilihusu nini? Wakuu, nilinyamaza hadi nikawa nasikia kalamu yake ikigonga meza. Ukweli ni kwamba sijamaliza kitabu kwa zaidi ya mwaka. Nilitaja vitabu kwa sababu niliona hilo ndilo jibu la mtu aliyeelimika.

Ninachopenda hasa ni saa za mkono, zile za zamani za kutia ufunguo. Nazifungua, nazisafisha, nazirudisha zinatembea. Usiku watu wakilala mimi ndiyo natandika kitambaa cheupe mezani. Lakini kwa Kiingereza sijui kibano kinaitwaje, bisibisi ndogo inaitwaje, wala ile springi inayojikunja ndani. Naogopa nikianza kuizungumzia nitakwama vibaya zaidi ya Jumamosi.

Nishaurini. Nitafute hobi rahisi nikaipambe, au niende na hii ya kwangu?

Kalamu Nyeusi

Mkuu pole, na wala si wewe peke yako. Watu wengi wanaingia pale wakidhani hobi yao ndiyo inayopewa alama. Haipewi. Mtahini anapima vitu vinne, kila kimoja kina uzito sawa na mwenzake: unavyotiririka na kupangilia mazungumzo, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna kipengele cha hadhi ya hobi. Anayepanda mlima na anayefuma kofia wanapimwa kwa rula moja.

Kwa hiyo jiulize ni kipi unaweza kukizungumzia kwa dakika mbili bila kutafuta la kusema. Kwa ulivyoandika hapo juu, jibu unalo.

Mpita Njia

Mimi natofautiana kidogo. Mtahini hana njia ya kujua kama unasema kweli, na wala si kazi yake kujua. Mimi niliandaa majibu ya hobi, familia na kazi, nikayakariri yote. Mkuu andaa jibu moja zuri, likae kichwani, umemaliza.

Subira ya Asubuhi

@Mpita Njia kwa heshima zote ndugu yangu, hapo naomba nipinge kwa nguvu, kwa sababu kukariri ndiko kulikoniangusha mara ya kwanza.

Nilikariri aya nzima kuhusu kuogelea. Nikaulizwa, nikaanza kuimwaga. Sentensi ya tatu mtahini akanikatiza kwa upole, akauliza: ulikuwa unaogopa maji ulipokuwa mdogo? Swali la kawaida kabisa, ila kwenye aya yangu halikuwemo. Sekunde moja nyuma nilikuwa naongea kama msomaji wa habari, sasa nikawa naokota neno mojamoja. Pengo lile hata mtoto angelisikia, sembuse mtu aliyefunzwa kulisikia.

Kuandaa mada ni sawa. Kuandaa sentensi ndiyo hatari. Na uongo una tatizo lake hata kama hakuna anayeuchunguza: unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, unatunga kisa na unatafuta Kiingereza. Ukisema jambo unalolijua, kisa kipo tayari, nguvu yote unaipeleka kwenye lugha.

Kalamu Nyeusi

Hapo Subira umegusa penyewe. Kusita kunatofautiana. Ukisita kwa sababu unawaza la kusema, hata mzungumzaji mzuri sana anasita hivyo. Kinachokuumiza ni kusita kila mara ukisaka neno au sarufi.

Fundi wa Usiku

Asanteni sana. Lakini bado nina suala la maneno. Kibano je? Nikifika pale nikakwama nasemaje?

Mwalimu wa Jioni

Ndugu yangu Fundi, nafundisha watu wanaojiandaa na mtihani huu, acha nikueleze kwa kirefu kidogo.

Neno moja usilolijua haliwezi kukuangusha. Kulizunguka kwa maneno mengine ni ujuzi unaohesabiwa kwenye msamiati. Ukisema "the small tool I use to pick up tiny parts", umeeleweka, na umeonyesha kwamba hukwami. Kibano chenyewe ni "tweezers", bisibisi ni "screwdriver", ile springi kuu ni "mainspring". Jifunze hayo matatu basi. Usiende kubeba maneno ishirini ya ufundi, hayatakaa.

Kinachonipa wasiwasi kwa wanafunzi wangu wengi ni Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chao, na mada ya hobi inakifichua kuliko mada nyingine yoyote. Tunasema "nina miaka mitatu natengeneza saa", ni Kiswahili safi. Mtu anakihamisha kama kilivyo: "I have three years repairing watches". Kiingereza hakisemi hivyo. Ni "I have been repairing watches for three years". Sentensi hii utaihitaji kwa hakika, kwa sababu swali la umeanza lini huwa haliko mbali. Iseme hadi mdomo uizoee.

Halafu kuna vitenzi vyetu vinavyobeba mengi. Kucheza kwetu ni mpira na ni muziki. Nimesikia mwanafunzi akisema "I play music at weddings", nikamuuliza anapiga chombo gani, kumbe ni mcheza dansi. Kusoma nako, ni kitabu na ni shule, wenzetu wametenganisha "read" na "study". Kuangalia ndiyo usiseme: mpira kwenye runinga ni "watch", picha mkononi ni "look at". Na michezo nayo ina mpangilio wake: ya mpira inachukua "play", kuogelea na kukimbia unasema "go swimming", "go running".

Kingine ni yeye. Yeye wetu hachagui mwanamume wala mwanamke, wao wanachagua. Nani alikufundisha saa?

Fundi wa Usiku

Shangazi yangu. Alikuwa na meza yake ndogo karibu na dirisha, mimi nilikuwa namshikia taa.

Mwalimu wa Jioni

Basi jihadhari hapo hapo. Utaanza na "my aunt", sentensi mbili mbele utasema "he". Kila anayetoka kwenye Kiswahili anateleza pale. Na hiyo habari ya kushika taa usiiache nyumbani, nenda nayo.

Ua la Kiangazi

Naomba niongezee kuhusu matamshi, maana mimi ndiko nilikohangaika. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, kwa hiyo ulimi unajipeleka huko wenyewe. Hobi yangu ni kupiga picha. Nilikuwa natamka "photograph" na "photography" kwa mkazo uleule, kumbe neno la kwanza mkazo uko silabi ya mwanzo kabisa, la pili uko silabi ya pili. Nilijirekodi wiki nzima hadi likakaa.

Pia angalia mwisho wa maneno. Tumezoea kufunga kwa irabu, "watch" inakuwa "wachi", "fixed" inakuwa "fiksidi". Lafudhi yako isikutie hofu, hakuna anayekudai uongee kama mzaliwa wa Uingereza au Marekani. Kinachotakiwa ni mtahini akusikilize bila kuhangaika.

Mgeni wa Jana

Samahani wakuu, mimi sijui kabisa huu mtihani ukoje. Ni mahojiano tu?

Kalamu Nyeusi

@Mgeni wa Jana ni ana kwa ana na mtahini, jumla dakika 11 hadi 14, na yote yanarekodiwa. Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi kuhusu wewe, dakika 4 hadi 5, na hobi hupenda kujitokeza hapo. Ya pili unapewa kadi yenye mada, unapata dakika 1 ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia, kisha unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni mjadala unaotokana na ile mada, dakika 4 hadi 5 tena.

Akikukatiza usishtuke. Muda wake umebana, haina maana umekosea.

Subira ya Asubuhi

Kwenye ile dakika moja ya kadi watu wanaipoteza kwa kuandika sentensi. Inakwisha wana mstari mmoja na nusu. Mara ya pili mimi niliandika maneno matano tu: nani, lini, wapi, siku mbaya, sasa. Hiyo "siku mbaya" ndiyo iliyonibeba. Ukieleza siku jambo lilipoharibika unajikuta unatumia wakati uliopita wa kila aina bila kujilazimisha: nilikuwa nafanya hiki, kikatokea kile, nilikuwa nimeshasahau kile kingine.

Fundi, wewe huna siku saa ilikuharibikia?

Fundi wa Usiku

Ninayo! Nilikuwa narudisha skrubu moja ndogo kama kichwa cha pini. Ikachomoka kwenye kibano ikaruka. Nililala kifudifudi na kurunzi, nikamulika sakafu kwa ubavu ili kitu kidogo kitoe kivuli kirefu, shangazi ndiye alinifundisha hivyo. Niliipata alfajiri. Ilikuwa imenasa kwenye mkono wa sweta langu muda wote.

Mwalimu wa Jioni

Hiyo ndiyo dakika mbili yako. Usiiandike. Isimulie leo, kesho isimulie tena bila kutumia sentensi za leo.

Mpita Njia

Nakubali nimeshindwa hoja. Hicho kisa hata mimi ningetaka kuuliza maswali.

Ua la Kiangazi

Usisahau sehemu ya tatu, pale hobi yako inakaa pembeni. Utaulizwa mambo mapana: kwa nini watu wazima wanaacha hobi zao, je hobi ikigeuzwa kazi bado inabaki raha, watoto wa siku hizi wana muda wa kutosha? Chukua msimamo mmoja, toa sababu, kisha taja mfano. Swali likikupita omba alirudie. Na ukihitaji kuwaza, ile "yaani" yetu iache mlangoni, sema "let me think about that" upumue.

Fundi wa Usiku

Wakuu nimerudi. Nimejirekodi kwa simu usiku huu, saa ikiwa wazi mbele yangu kwenye kitambaa. Dakika 1 na sekunde 48. Mwanzo nilikuwa mzito, lakini nilipofika kwenye skrubu nilijikuta naongea tu. Neno la kurunzi lilinipotea, nikasema "the small light", nikaendelea bila kusimama.

Nimesikiliza mara mbili. Shangazi nimemwita "he" mara tatu. Kesho narudia.