Elimu ya juu iwe bure kwa wote au tuendelee na mikopo? Watu wa kanda ya ziwa naomba maoni yenu

Mwana wa Mwaloni

Wakuu habari za jioni. Hili jambo linanikosesha usingizi tangu matokeo ya form six yatoke. Mpwa wangu, mtoto wa dada, kapata division one ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), msingi mpaka o-level kasomea huko huko Ukerewe shule za serikali, na baba yake ni mvuvi wa dagaa. Sio mwenye mtumbwi, yeye ni wa kuingia ziwani usiku na kusubiri mgao asubuhi tajiri akishatoa hela ya mafuta na gharama zake. Sasa tuko kwenye kuomba mkopo na kila tunayemuomba ushauri anauliza mzee anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Jamani dagaa wanavuliwa kwa taa, kukiwa na giza watu wanavua, mbalamwezi ikiwaka wanakaa ufukweni wanashona nyavu na kukopa unga dukani, halafu masika mvua ikiwakuta dagaa mchangani hawajakauka wanaharibika, wanaishia kuuzwa bei ya chakula cha kuku. Hapo mtu anataja kipato gani?

Serikali ilifuta ada mpaka form four kuanzia Januari 2016, mwaka 2022 ikafuta na ya form five na six, nawapongeza kabisa kwa hilo. Ila mtoto anafika mlangoni mwa chuo kikuu ndo anakutana na bei. Mi msimamo wangu ada ifutwe vyuo vikuu kwa wote bila kuchuja nani mhitaji nani sio, maana mchujo unamfaa mwenye karatasi. Mfanyakazi ana salary slip, yatima ana cheti cha kifo cha mzazi, ila mvuvi na mchimbaji mdogo wa Geita na mama anayekaanga samaki Igombe hao wanapimwa kwa kubahatisha tu. Ujerumani vyuo vya umma karibu vyote havitozi ada kabisa na mtoto wa tajiri anakaa darasa moja na wa dereva. Kwa nini isiwezekane kwetu?

Mwl wa Buhongwa

Kaka hongera kwa mpwa wako, division one ya PCB kutoka kisiwani sio mchezo.

Ila mi bure kwa wote napinga. Nafundisha fizikia shule ya kata, form one mpaka four niko peke yangu kwenye somo, madarasa yamejaa mpaka kuna watoto wanaandikia magotini, maabara ipo jengo tu. Wanaoanza na mimi ni wengi mno na wanaofika form six sayansi unawahesabu kwa vidole. Sasa ukisema chuo bure kesho asubuhi nafasi zile atakaa nani? Wengi watakuwa watoto waliolipiwa mamilioni shule za bweni tangu chekechea. Na atakayelipia ni pamoja na yule mama wa Mabatini anayenunua sabuni na vocha akakatwa kodi ya VAT asilimia 18, na mwanae aliishia form two. Hiyo kwangu sio haki hata kidogo.

Mi mwenyewe nakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo, zamani ilikuwa 8 wakapandisha 2016, inauma siwezi kudanganya. Ila iliyokuwa inaua kabisa ni ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inajazwa kila mwaka juu ya deni, unalipa na deni liko pale pale. Rais Samia alitangaza kuiondoa Mei Mosi 2021 hapa hapa Mwanza pale Kirumba, walimu tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Kwa hiyo mi nasema mkopo utolewe kwa kila aliyedahiliwa, asilimia mia, bila kumpima baba yake, akipata kazi akatwe kidogo kidogo na asipopata asisumbuliwe. Hapo tatizo la shemeji yako limeisha na mama wa Mabatini hajaonewa.

Mama Sado

Nyie wanangu mnabishana ada tu, ada ni nusu ya shida. Binti yangu yuko chuo cha SAUT pale Malimbe, mkopo umelipa ada, ila chumba, maji, umeme, chakula, photocopy, vyote hivyo havisubiri boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Boom ni elfu kumi kwa siku na ikichelewa mtoto anapiga simu analia. Mi nauza dagaa, namjazia ndoo ya sado na unga nampakilia kwenye hiace, ndo kaishi hivyo mpaka mwaka wa tatu. Sasa wa kutoka Ukerewe akipangwa Dodoma au Dar nani atampakilia? Na kumbukeni vyuo vikuu vikubwa hapa kwetu, SAUT na Bugando, ni vya kanisa, mkisema bure ya vyuo vya umma watoto wetu inabidi wasafiri mbali. Mtoto wa kike bila hela ya chakula mjini mnajua wenyewe kinachompata. Mi naomba wafikirie tumbo kwanza.

Mzee Nyanza

Wajukuu zangu, sisi tulisoma bure. Nilipanda treni hapa Mwanza na waranti ya serikali mpaka Dar, Chuo Kikuu pale Mlimani chakula bure, kitanda bure, na ulipomaliza ulipangiwa kazi. Lakini tulikuwa wachache sana na haikuwa bure isiyo na masharti. 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya JKT, jeshi la kujenga taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Na baada ya Azimio la Musoma 1974 hukutoka form six ukaingia chuo moja kwa moja, ilikuwa JKT kwanza halafu kazini, ndipo upendekezwe. Uchangiaji wa gharama ulipoingia miaka ya 90 ndo mzazi akaanza kutafutwa. Mimi naunga mkono bure, ila kijana akimaliza udaktari aende Ukara au Ukerewe miaka kadhaa akatibu watu, ndipo achague anapotaka.

Mwana wa Mwaloni

Mzee shikamoo, hilo la kurudi kuhudumia visiwani nimelipenda na mpwa wangu atalikubali leo hii hii. Mama pole na hongera sana kwa kumfikisha binti mwaka wa tatu, nakubali hela ya kula iwe ndani ya mpango.

Mwalimu hoja ya VAT ni nzito, ila na yule aliyesoma akiajiriwa anakatwa PAYE, kodi ya mshahara, mpaka anastaafu, kwa nini tusihesabu hiyo ndo marejesho yake? Mi bado niko kwenye bure. Lakini wakisema mkopo asilimia mia kwa wote bila kupima mzazi, nasaini hata usiku huu.

Mwl wa Buhongwa

Hapo tumekaribiana sana kaka. Kwa sasa mwambie mpwa cheti cha kuzaliwa akihakiki RITA, wakala wa vizazi na vifo, mapema, na fomu ya mkopo apeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kusainiwa wiki hii, asingoje siku za mwisho boti na mtandao vikaleta shida. Akikwama popote niandikie inbox nitamsaidia kujaza.