Tupeane uzoefu: ndugu akizidiwa na mawazo, huku kwetu Kusini mnamfanyaje?

Habari zenu ndugu zangu. Mtu akijiua huku kwetu, msibani kila mtu ana sababu yake mkononi: karogwa, imani ndogo, mke kamshinda. Alipokuwa hai, halali, hali, shamba limeota nyasi, tulimwita mvivu. Waliopitia, wao au ndugu zao, waeleze. Majina tuyaache, na njia aliyotumia mtu tuiache vilevile, haimsaidii anayesoma akiwa pabaya.

Mkulima, Newala
Mimi ni mwenyewe. Msimu wa 2018/19 bei ya korosho ilitangazwa 3,300 kwa kilo, tukashangilia, halafu hela zikakawia. Nadaiwa salfa, dawa ya mikorosho, na magunia mengine nilishayauza kangomba, yaani kinyemela kwa walanguzi kwa bei ya chini. Mdai wangu alikuwa anakuja asubuhi, anakaa barazani kimya, na chai yetu anakunywa. Nikafika mahali naona bora nisiwepo. Shemeji akasema mwanaume hazidiwi na deni. Mama mdogo yeye akahamia kwangu na mkeka wake. Ananituma: kalete kuni, twende tukachimbe ming'oko, vile viazi vya porini. Hana maneno mengi. Siku moja tukiwa porini akaniuliza waziwazi, "Mwanangu, unawaza kufa?" Nikamwambia ndiyo. Usiku ule nikalala. Deni lilikuja kulipwa kwa taabu, hiyo ni habari nyingine.

Nesi, Lindi
Huyo mama mdogo alifanya jambo ambalo wengi wanaliogopa. Watu wanadhani ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utampandikizia wazo. Si kweli, humpandikizii, unampa pa kusemea.

Kinachotusumbua kazini ni kuficha. Mgonjwa analetwa, ndugu wanasema presha, au kala kitu kibichi. Unamvuta dada mtu pembeni, anatazama mlango kwanza kama kuna askari. Wanaogopa kwa sababu Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Basi tunatibu tumbo, anarudi nyumbani na lilelile lililomleta. Wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Mimi naona hofu ya kituo cha polisi inaua zaidi kuliko inavyozuia.

Masasi
Kwetu alikuwa kaka. Maiti iko ndani, nje wanaume wanabishana kama aswaliwe au la, na mama anasikia yote dirishani. Mzee mmoja akawakata: wanazuoni wengi wanaruhusu, pangeni safu. Wale waliokuwa wanabisha ndio waliokula pilau la hitma mpaka sahani ya pili.

Kilwa
Mdogo wangu alianza baada ya kujifungua. Mtoto analia, yeye anatazama ukuta. Tukaambiwa ana mashetani, ngoma ikachezwa, mbuzi akaliwa. Baadaye hospitalini akapewa dawa za sonona. Wiki ya kwanza hakuna kitu, mama mkwe akataka azitupe. Daktari alishatuambia nafuu huchukua wiki mbili, nne, hata zaidi, na asiache ghafla. Tukavumilia. Siku hizi anauza samaki na kunitukana kama zamani.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Mlioko Tandahimba na Nachingwea, dawa hizo mnazipata hukohuko au mpaka mjini? Nina mtu, na nauli ndiyo inatukwamisha.