Siku moja Penang: miguu, beca au basi la meli?

Msafiri wa Tanga
Habari zenu ndugu. Meli yetu itafunga gati George Town, kisiwa cha Penang, Malaysia, saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Mimi na mama yangu, mwenye miaka 67 na bado mkakamavu, tunasita kati ya kuzunguka mjini kwa miguu, kukodi beca (baiskeli ya magurudumu matatu ya kubeba abiria), au kulipia ziara ya basi ya meli inayokwenda Penang Hill na hekalu la Kek Lok Si. Naomba maoni ya waliowahi kufika, hasa kuhusu joto.

Mkaa Mwambao
Ningechagua miguu bila kusita, kwa sababu gati la Swettenham limepakana na mji mkongwe wenyewe, tofauti na Bangkok, ambako meli kubwa huishia Laem Chabang na abiria humaliza saa kadhaa barabarani. Ngome ya Fort Cornwallis iko karibu na geti, mahali aliposhukia Francis Light, Mwingereza aliyeanzisha mji huo, mwaka 1786, lakini msikae sana hapo. Uhondo uko barabara ya Jalan Masjid Kapitan Keling na vichochoro vyake: kanisa la St George la mwaka 1818, hekalu la Kichina la Kuan Yin, hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, kisha msikiti ulioasisiwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1801, vyote katika mwendo ambao mtu hamalizi hata chupa moja ya maji. Mama akiwa na mtandio wake ataingia msikitini bila taabu, mradi si wakati wa swala.

Baharia Mstaafu
Hapo kwenye chupa moja ya maji sikubaliani nawe. Mbele ya maduka kuna vibaraza vilivyoezekwa, wenyewe huviita *kaki lima*, yaani futi tano, ambavyo vilikusudiwa kumkinga mpita njia na jua na mvua. Siku hizi vimejaa pikipiki, meza za wauza chakula na ndoo za maji, hivyo kila baada ya maduka mawili matatu unateremka barabarani katikati ya magari, kisha unapanda tena ngazi. Kitakachomchosha mama ni huko kupanda na kushuka, wala si umbali. Tembeeni asubuhi hadi mtaa wa Lebuh Armenian na nyumba za juu ya nguzo baharini pale Chew Jetty, halafu mrudi kwa beca. Abiria hukaa mbele, mwendeshaji nyuma, na bei hukubaliwa kabla ya kupanda.

Bibi wa Visiwani
Nawatetea wa basi kidogo. Ziara ya meli ikichelewa, meli huisubiri. Ukijiendea mwenyewe, haikusubiri. Niliwahi kupanda Penang Hill kwa gharama zangu, nikakuta foleni ndefu ya treni ya mlimani, ile iliyoanza kazi mwaka 1923, na wakati wa kurudi teksi ikakwama kwenye msongamano. Nilifika gatini zikiwa zimebaki dakika 12, viatu mkononi. Kwa hiyo mkitaka mlima, lipieni basi. Mkitaka mji, basi halina faida yoyote.

Msafiri wa Tanga
Nimeelewa, mlima tunauacha. Je, adhuhuri tule nini kisichomlemea mama?

Mkaa Mwambao
*Cendol*, Lebuh Keng Kwee: bakuli la barafu iliyoparuzwa, tambi za kijani za unga wa mchele, maharagwe mekundu, tui zito la nazi na sukari nyeusi ya mnazi inayoteremka taratibu hadi chini. Mtaa huo uko upande wa Penang Road, kwa hiyo beca iwapitishe huko kwanza. Mama akisalimiwa kwa Kimalay "apa khabar", hatahitaji mkalimani.

Baharia Mstaafu
Na saa ya mkononi ifuate saa ya meli. Simu huweza kujibadilisha yenyewe.

Msafiri wa Tanga
Tutashuka mapema, miguu kwanza, beca baadaye. Mama nimemsomea habari za tui, naye anauliza kwa nini tusianzie hapo.