Sendo au raba kwa matembezi ya porini na pwani? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum wenzangu. Tuna kikundi chetu, vijana na watu wazima, tunapanga kwenda kwa miguu kutoka Konde, huku kaskazini mwa Pemba, tupite Msitu wa Ngezi, tutokee Vumawimbi, halafu tushike ufukwe mpaka kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa mwaka 1900. Chakula tumeshakubaliana, maji tumekubaliana, viatu ndio vimetugawa.

Mimi nasimamia sendo. Nasema sendo yenye mkanda wa kisigino, si malapa. Njia ile ina lami, ina tope la msituni, ina mchanga. Raba ikishaingia maji asubuhi, unatembea nayo mbichi mchana kutwa, na ngozi iliyolowa ndiyo inayotoka malengelenge haraka. Sendo inakauka mguuni huku unakwenda. Na adhuhuri ikiingia unavua, unatawadha, unaswali, unavaa, safari inaendelea.

Nataka kusikia kwa waliotembea wenyewe, na mseme mlitembea wapi, maana ardhi zetu hazifanani.

Mchumaji wa Mkoani

Waalaykum salaam. Umesema kweli, ardhi hazifanani. Huku kusini kwetu ni kilima, bonde, kilima, bonde, na udongo ukipata mvua unakuwa sabuni. Hapo sendo inakusaliti kwa ndani. Tope linaingia baina ya unyayo na soli, mguu unazunguka ndani ya mikanda, unajikuta umekanyaga ukingo wa kiatu na soli imetazama juu. Ukiwa unateremka na pakacha la karafuu kichwani, huo ndio mwanzo wa kuteguka.

Masika navaa gambuti mpaka chini ya mkarafuu, nikifika navua napanda miguu mitupu. Kiangazi, njia ikiwa kavu, makubadhi yananitosha kwenda popote. Kwa hiyo swali langu kwako: mnakwenda mwezi gani?

Bi Mwani, Jambiani

Mimi nazungumzia pwani tu, maana huko ndiko ninakoshinda. Maji yakipwa tunakwenda mbali mpaka kwenye mashamba ya mwani, na baina ya hapo na ufukweni kuna mawe, majani ya bahari na mashokomzi, wale wenye miiba mirefu myeusi. Kina mama wengi huku huvaa raba kuukuu, za kufunga kamba, soli ngumu. Ukiona mtu kavaa sendo mwambani, jua ni mgeni wa kazi.

Yupo binti aliyekuja kujifunza kwetu, sendo zake nzuri kabisa, mkanda mbele mkanda nyuma. Shokomzi alimwingia ubavuni mwa kidole kidogo, pale pale panapoachwa wazi. Mwiba ule ukiuvuta hautoki mzima, unakatika vipande kama chaki na ngozi inabaki na madoa meusi. Tulimpaka utomvu wa papai bichi, kama tulivyolelewa, na alichechemea siku kadhaa.

Jambo la pili, taa. Samaki huyu hujifukia mchangani kwenye maji haba, na mwiba wake uko mkiani, hupiga juu, kwenye kifundo. Hapo hakuna raba wala sendo itakayokukinga. Buruta miguu, usiinue. Akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe. Wafundisheni hilo vijana wenu kabla hawajagusa maji ya Vumawimbi.

Mtembeza wageni, Kusini Unguja

Naunga mkono raba, lakini kwa sababu nyingine. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ina kilomita za mraba 50 tu, na humo humo unakuta msitu wenye maji karibu na uso wa ardhi, kichaka cha maweni, na mikoko. Mgeni anaingia asubuhi kuwatazama kima punju, kabla ya mchana keshapita kote. Panapowashinda wenye sendo ni maweni. Jiwe la tumbawe limechongoka kama msumeno, halisagiki, na linakuja kwa pembeni, si kwa chini. Nimeona soli laini zikitoka vipande. Kwenye daraja la mbao la mikokoni raba nzuri na sendo nzuri zote zinateleza kukiwa na unyevu, kwa hiyo pale ni mwendo wa taratibu.

Anayenunua raba aende sokoni jioni, si asubuhi. Mguu huvimba kwa joto na kwa kutembea, na kiatu kinachokaa sawa asubuhi kinabana alasiri. Vidole viwe na nafasi mbele, la sivyo kwenye mteremko kucha zinagonga na zinageuka nyeusi. Soksi za pamba tupu zinashika jasho haziachii. Zenye nyuzi za sintetiki au sufu nyepesi ni bora. Na jamani, kiatu kipya kisianzie safari ndefu. Kivae nyumbani, kivae sokoni, kikuzoee kwanza.

Muuguzi, Chake Chake

Nimesoma nikaona neno “watu wazima”, ndiyo maana nachangia.

Mwenye kisukari asivae sendo kwenye safari hii, wala asitembee peku hata hapo ufukweni. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za miguu. Mtu anachomwa na mwiba au anachubuliwa na mkanda asijue, anagundua usiku akivua, na kidonda chake hakiponi upesi. Raba iliyofunika, soksi safi, na kabla ya kuvaa atie mkono ndani apapase kama kuna kijiwe. Kila mkipumzika avue, mwenzake amtazame nyayo.

Kwa wote: mkikuta kijito au bwawa, msivuke kwa kutegemea sendo au raba. Kichocho bado tunacho Pemba. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya kwenye ngozi, na raba iliyojaa maji haizuii chochote. Pitieni darajani hata kama ni mbali, au vaeni gambuti kama maji hayafiki juu yake. Na atakayechomwa na mwiba au msumari ukazama, asisubiri: aoshe, aende kituo cha afya akaulizie sindano ya pepopunda.

Kijana wa Michenzani

Niongeze la bara. Nilipanda Kilimanjaro na wenzangu wa chuo. Mita 5,895, usiku wa kuelekea kileleni baridi iko chini ya sifuri, huko ni buti zinazofunika kifundo na soksi nzito, hakuna mjadala. Lakini sendo nilikuwa nazo begini, na jioni kambini, miguu ikishapumua, hakuna nilichokithamini zaidi.

Mkaazi wa Wete

Allah awalipe kheri, Bi Mwani na Muuguzi khasa. Mzee mmoja wetu ana sukari na hatukuwa tumemfikiria kwenye hili.

Tumekubaliana hivi: raba kwa wote kutoka Konde mpaka tumalize Ngezi. Tukitokea mchangani, anayetaka sendo azitoe begini, mzee abaki na raba yake. Mwambani haendi mtu na sendo. Tutakwenda baada ya masika, ardhi ikishakauka.

Limebaki moja. Sendo zangu mkanda wa kisigino umeanza kuachia kwenye soli. Gundi au kushona?

Mchumaji wa Mkoani

Kushona. Gundi peke yake ikikutana na maji ya chumvi inaachia. Mwambie fundi apitishe uzi wa nailoni mpaka ndani ya soli, mikanda yote miwili, hata ule ambao bado mzima.